Mkufunzi Aliyetaka Kimya

Mkufunzi wa Kiingereza alikuwa mtu wa nidhamu, hana mchezo. Walimu wanafunzi wa chuo chake cha ualimu walimpachika jina la Bwana Kimya, chinichini lakini, maana nani angethubutu kumwita hivyo usoni? Kila mwaka aliwaandikisha somo lilelile: mtoto hujifunza lugha kwa kuizungumza. Yeye alisoma, wao wakaandika, na hakuna aliyefungua mdomo.

Jioni moja alikuwa mezani na mkewe, fundi cherehani, pamoja na binti yao. Binti hakugusa chakula.

"Una nini, mwanangu?" mkufunzi alimuuliza.

"Mwalimu wetu wa mazoezi anaondoka. Yule wa Kiingereza. Amefelishwa."

"Kisa?" mama aliuliza.

"Leo darasa la sita walikuwa wanauziana nyanya kwa Kiingereza. Mkufunzi mmoja akaja kumpima, akasema hilo si darasa, ni gulio. Zamu ya darasa letu ilikuwa kesho. Mimi ndiye muuzaji."

Mkufunzi alirudisha tonge sahanini. Mkewe akamkazia macho.

"Na huyo mkufunzi ni nani?"

"Ni mimi," alisema.

Binti alimtazama, akainuka, akaenda chumbani. Aibu ilimshika mzee wa watu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao alikuwa mkufunzi mwenzake, mama mcheshi. Darasa lake lilijaa mazungumzo, na Bwana Kimya alishamsema kwa mkuu wa chuo, tena si mara moja. Sasa ndiye aliyemwendea, miguu mizito.

"Dada, nimeharibu."

"Nimesikia. Chuo kizima kimesikia." Akamsogezea kiti. "Wale watoto walikuwa wanasema nini?"

"Sikusikiliza. Niliona kelele tu."

"Ndiyo hapo, kaka. Kelele za utundu na kelele za kazi ni vitu viwili. Mmoja anataka nyanya, mwenzake anazo, na hazipatikani bila kuongea. Mwalimu anapita katikati, anasikiliza. Mtoto akikosea, mwache amalize kwanza. Utamrekebisha baadaye."

Mkufunzi aliinamisha kichwa. "Nikiwaachia waongee, wataniuliza nisichokijua, hapohapo. Kiingereza changu mimi ni cha kusoma. Kuongea kunanitoa jasho."

"Wengi wetu tuko hivyo. Ndiyo maana tunajificha nyuma ya chaki."

Asubuhi alimweleza mkuu wa chuo kwamba amemwonea yule mwalimu mwanafunzi. Kisha akaenda shuleni. Alimkuta yule mwalimu wa mazoezi akifungasha vitu vyake, macho mekundu.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilikufelisha kwa kufanya nilichokufundisha."

"Hukunifundisha, mwalimu," yule mwalimu alijibu kwa adabu. "Uliniandikisha."

Jibu lilimchoma, lakini hakubisha. Alimwomba jirani yake ampime upya mwalimu huyo, naye alifaulu vizuri. Nyumbani, muuzaji wa nyanya alianza tena kumsalimia baba yake, ingawa kwa mbali kidogo.

Siku iliyofuata Bwana Kimya aliingia darasani kwake. "Leo mtaongea," alisema. "Kila mmoja amuulize mwenzake, kwa Kiingereza, jambo asilolijua kumhusu."

Wote walichukua kalamu, wakaandika sentensi hiyo. Halafu wakamtazama, wakisubiri inayofuata.

Uso ulimwaka kwa aibu. Hawa ndio aliowalea, na kesho watakuwa na madarasa yao.

"Wekeni kalamu chini," alisema. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kijana wa karibu, akamuuliza kwa Kiingereza amefikaje chuoni. Mwenyewe alijikwaa katikati ya swali. Darasa zima lilimsikia.

Kijana alisita. Kisha akajibu, akakosea, akaendelea. Mkufunzi aliuma ulimi, akamuuliza jingine. Nyuma yao mtu mmoja alimgeukia mwenzake. Kisha mwingine. Punde hata yeye hakuweza kuisikia sauti yake, wala hakumnyamazisha mtu.