Olewa Nami Tena

“Shuvai, usipokee hiyo simu!”

Muchaneta alipiga kelele kutoka mlangoni, taulo kichwani, maji yakimtiririka shingoni. Alichelewa. Shuvai alikuwa ameshaliona jina kwenye kioo cha simu, na mkono ulikwenda wenyewe.

Jina lilikuwa Farirai. Mume wa Muchaneta, aliyezikwa mwaka jana baridi ilipoanza.

“Haloo?” alisema Shuvai.

“Neta, mke wangu,” simu ikajibu, sauti nyepesi yenye kicheko ndani yake. “Niko kwa muuza nyama hapa. Nichukue mbavu au paja?”

Simu ikamponyoka, ikatumbukia kwenye sufuria ya sadza, ugali wa kwao. Shuvai alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga friji.

“Nimemsikia mumeo,” alisema, midomo imekauka. “Anauliza mbavu au paja.”

Muchaneta hakusema unaota. Hakusema umechoka na safari. Alichukua mwiko, akaiopoa simu, akaanza kuifuta kwa taulo. Utulivu ule ulimtisha Shuvai kuliko ile sauti.

“Unajua! Unajua na wala hushtuki!”

“Si Farirai. Ni Gwinyai.”

Tapfuma, mume wa Shuvai, aliingia kutoka uani alikokuwa akiwasha moto wa nyama, mikono imejaa majivu.

“Kelele zote hizi, kuna mtu amekufa?”

“Hakuna aliyekufa,” alisema mkewe. “Aliyekufa ndiye anapiga simu.”

Walikuwa watano zamani, chuo cha ualimu hapa hapa Bulawayo. Wakaenda kufundisha Gweru, wakaoana, lakini kila mwaka baridi ilipoingia walirudi wote, wakapanga nyumba moja, wakachoma nyama, wakacheka mpaka Jumapili. Farirai ndiye aliyekuwa mdomo wao. Gwinyai alikuwa na kigugumizi, na kwa kuwa watu hawana subira, kila sentensi aliyoianza yeye, Farirai aliimalizia.

Basi Farirai akafa. Gwinyai alikuwa sahwira wa ukoo ule, rafiki wa kurithishana, yule anayeruhusiwa kumtania marehemu na hata kumtukana mbele ya jeneza. Siku ya maziko alivaa koti la kahawia la Farirai, akatembea kwa kuchechemea mguu wa kushoto kama Farirai aliyeumizwa goti na mpira, akafungua kinywa, na maneno yakatoka bila kukwama hata mara moja. Watu walicheka mpaka machozi. Kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mzazi wa Farirai aliinuka kwenye mkeka akaenda kumpokea.

“Walipogawa nguo za marehemu,” alisema Muchaneta, “Gwinyai alipewa koti na simu. Jioni moja nyumba ilinizidi ukimya. Nikaipigia ile namba. Nikamwambia, nifanyie mara moja tu. Nimtakie usiku mwema.”

“Mara moja?”

“Kila jioni, Shuvai. Mwaka mzima.”

“Shosti! Umempa mtu mzima aliye hai kazi ya kuwa maiti!”

“Ananipenda. Nami nampenda.”

“Nani?”

Muchaneta alizidi kuifuta simu.

“Swali jepesi hilo, mama. Anayekupenda ni nani, na unayempenda ni nani? Mara ya mwisho Gwinyai kukwambia neno kwa sauti yake, na kigugumizi chake, ilikuwa lini?”

Muchaneta alifungua kinywa, akakumbuka nyuma, akazidi kurudi nyuma. Hakuipata siku hiyo.

“Mimi nilidhani amepona,” alisema Tapfuma taratibu. “Jana njiani nilimpongeza.”

“Akakujibu nini?”

“Alinicheka. Akaniita Tapfu Tumbo.”

Wote watatu walitazamana. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita Tapfuma hivyo.

Muchaneta alisogea dirishani. Barabara pana ya Bulawayo ilikuwa tupu, jua la saa sita limelala juu yake kama shuka jeupe. Gwinyai alikuwa akirudi peke yake, mfuko wa nyama mkononi, koti la kahawia mwilini. Alikuwa akichechemea. Mchezo huhitaji watazamaji, na pale nje hapakuwa na hata mbwa. Alichechemea mguu wa kushoto, akasimama, akalisugua goti ambalo halikuwahi kuumia, akaendelea.

“Mbona nyuso za msibani?” aliuliza alipoingia, mchangamfu. “Neta, simu yako ilikatika. Nimechukua mbavu.”

“Gwinyai,” aliita Shuvai.

Alikuwa akitoa nyama mfukoni.

“Gwinyai!”

Aliwapita, akaosha mikono, akapiga mluzi.

“GWINYAI!”

Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali. Macho yalihangaika.

“N-n-naam?”

Ilikuwa sauti ndogo, yenye kutu, ya mtu aliyefungiwa muda mrefu. Kisha macho yakatulia, tabasamu likarudi mahali pake, na ile sauti nyingine ikasema, “Tapfu Tumbo, moto wako unazima huko.”

Walikula mbavu zile bila utani. Jua lilipoanza kushuka, Gwinyai akiwa uani na wao wakiwa sebuleni, simu ya Muchaneta ilitetemeka, bado inanata sadza kando kando. Ujumbe kutoka kwa Farirai.

“Kesho asubuhi, bustanini, benchi lile lile. Nina neno la kukuuliza.”

Muchaneta alimpa Shuvai asome.

“Benchi gani?”

“Alilonichumbia Farirai.”

“Gwinyai alikuwepo siku ile?”

“Tulikuwa wawili tu.”

“Ulimsimulia?”

“Sikumbuki,” alisema Muchaneta, akakunja mikono chini ya kwapa kama mwenye homa. “Naapa sikumbuki.”

Jumapili asubuhi baridi ilikuwa inauma masikio. Bustanini watoto walikuwa wamepanda kile kigari-moshi chao kidogo kinachozunguka miti. Tapfuma na Shuvai walibaki nyuma, karibu kiasi cha kusikia. Gwinyai alikuwa ameshafika. Ameketi benchini, mguu wa kushoto ameunyoosha, kola ya koti imefunika shingo. Alikuwa amekaa upande ule ule aliokaa Farirai.

“Neta, mke wangu.” Maneno yalitoka laini, mvuke mweupe ukiyasindikiza. “Umenisubiri mwaka mzima. Sasa yatosha. Olewa nami tena.”

Tena.

Muchaneta, aliyelala mwaka mzima na sauti ile chini ya mto wake, alihisi ngozi ya kichwa ikimkaza. Mtu ambaye hajawahi kukuoa hawezi kukwambia tena.

“Gwinyai yuko wapi?” aliuliza.

“Gwinyai hana la kusema. Lini amewahi kuwa nalo? Mimi ndiye niliyekuwa namsemea.”

“Nimekuuliza yuko wapi.”

“Amepumzika, Neta. Mwache apumzike.”

Kigari-moshi kilipita na vicheko vya watoto, kikapotea nyuma ya miti. Muchaneta alitamani kukimbia. Miguu ilikuwa tayari. Lakini nani alimwita huyu? Nani alipiga simu jioni ile ya kwanza? Aliinama, akaikamata kola ya koti kwa mikono miwili.

“Gwinyai, nisikilize huko uliko. Ni mimi niliyekutia humu, na ni mimi ninayekutoa. Wewe ni sahwira! Siku ya maziko ulimtukana Farirai mbele ya mama yake na hakuna aliyethubutu kukukataza, maana ruhusa hiyo ni yako peke yako. Mtukane sasa. Lakini kwa mdomo wako!”

Tabasamu la Farirai liliyumba. Taya likaanza kutetemeka.

“F...”

“Sema.”

“F-F-Fa...”

“Farirai!” Tapfuma alidakia kutoka nyuma.

Shuvai alimfunika mdomo kwa kiganja, pah!

“Usimmalizie! Maisha yake yote mmekuwa mkimmalizia, ona mlipomfikisha!”

Wakangoja. Jasho lilimtoka Gwinyai usoni katika baridi ile. Kigari-moshi kilizunguka kikarudi, wakangoja bado.

“F-F-Farirai,” alisema hatimaye, na ilikuwa ile sauti ndogo yenye kutu. “M-mlafi wewe! U-ulikula m-maneno yangu t-tangu chuoni. U-umekufa, b-bado hushibi. M-mkeo amelia v-vya kutosha. N-nenda kwenu. N-n-nenda!”

Alianza kulivua koti. Mkono wa kwanza ukatoka, wa pili ukakwama. Muchaneta alivuta, akavuta tena. Koti lilitoka zito, kama bado lina mtu ndani yake. Gwinyai aliitoa laini kwenye simu ya marehemu, akaitia katika mfuko wa koti, akaliacha benchini. Alibaki na shati jepesi, meno yakigongana.

“Sasa niulize,” alisema Muchaneta. “Wewe.”

“I-i-itachukua m-muda.”

“Nina siku nzima.”

“M-Mu... M-Mucha...” Alifumba macho. “Muchaneta.”

Mwaka mzima alikuwa ameitwa Neta. Jina zima, na namna lilivyopiganiwa, lilimtoa machozi.

“M-mimi si f-fundi wa kusema. N-nilikupenda k-kabla yake, n-nikanyamaza. U-utanikubali m-mimi? H-huyu?” Akajigusa kifua.

Muchaneta alifungua kitambaa chake kichwani. Kwao mwanamke akikubali hutoa nguo yake, iwe shahidi. Alimzungushia Gwinyai shingoni, akakaza fundo.

“Nimekubali. Na simu sitaki tena. Ukiwa na neno, njoo ulikwamie mbele yangu.”

Shuvai alipiga vigelegele mpaka watoto wakageuka. Tapfuma, aliyekuwa analia, alisema, “Na zile mbavu zimebaki, jamani,” na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa wote wanne walicheka pamoja. Walipokwenda kwenye gari, Gwinyai alikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili sawasawa.

Tapfuma aliwasha gari. Alitazama kioo cha nyuma ili atoke, akasahau kutoka.

“Kuna mtu amelichukua koti,” alisema.

“Ni mzee tu, baridi imemzidi,” alisema Shuvai, akigeuza shingo. “Mwache alivae, Mungu ampe joto. Twende.”

“Ndiyo. Lakini mbona anachechemea?”

Shuvai alitazama, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kwenye kiti cha nyuma Gwinyai aliukamata mkono wa Muchaneta.

“U-u-u...”

Hakuna aliyemmalizia. Tapfuma aliuma mdomo. Shuvai alifumba macho. Muchaneta alimtazama mchumba wake machoni, akamngoja.

“U-usigeuke.”

Muchaneta hakugeuka.