Hodi Kwenye Kipande cha Bomba

Nawaomba radhi kabla sijaanza, ili nikiharibu msiseme sikuwaambia. Hadithi hii ilitakiwa kusimuliwa na mtu mwenye sauti nzito na uso wa kutisha. Mimi uso wangu watoto wachanga wakiuona wanacheka, na wengine wameanza wakiwa bado tumboni. Mahali pa kunyamaza nitaongea, mahali pa kuogofya nitatia mzaha, kisha nitaucheka peke yangu. Vumilieni. Wanaoweza kuisimulia vizuri ni wawili tu: mmoja hataki, na wa pili sitaki mimi.

Ilianza na taa nne za kijani, na hakuna aliyeogopa. Nani anaogopa betri iliyojaa?

Fundi mwenyewe mtaani alijulikana kama Kidogo-Tu. Jina halikutokana na umbo. Umbo alikuwa nalo la kutosha, akipita mlangoni mlango unapumua. Lilitokana na kazi zake. Mageti na mapaa aliwaachia wenzake, yeye alikata vitu vidogo: kufuli lililopotelewa na ufunguo, bolti iliyoshikwa na kutu chini ya sinki, pete iliyogoma kwenye kidole kilichovimba, ncha ya nondo inayochana nguo za wapita njia. Ukianza kumweleza unataka akate kiasi gani, anakukatiza: "Kidogo tu, nimeelewa."

Kwa kazi hizo alikuwa na grenda ndogo ya betri, isiyo na waya, ya kushika kwa mkono mmoja, diski yake pana kama kisosi. Aliilaza juu ya kitambaa cha flana. Mkewe, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi minane, aliiita mke mwenza. Betri zilikuwa mbili. Moja ilianza asubuhi na kufika saa sita ikiwa hoi, wakati huo ya pili iko kwenye chaja, zikapokezana kama walinzi. Ukibonyeza kitufe ubavuni mwa betri, taa zinakuambia hali: nne imejaa, moja tafuta chaja.

Alikuwa pia na desturi aliyoipata kwa mwalimu wake, mzee aliyekata vyuma miaka arobaini kwa msumeno wa mkono. Kitu chochote kilichofungwa, kabla ya kukikata, alikigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Bomba lenye maji linalia tofauti na bomba kavu. Kopo lenye mvuke wa petroli likikutana na cheche, fundi anahama bila mizigo. Kwa hiyo anagonga, anatega sikio, ndipo anavaa miwani.

Sasa, jirani yake alikuwa muuza magodoro, mtu wa mizaha isiyo na breki. Kila Kidogo-Tu alipogonga, yule bwana alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati kwa sauti nyembamba ya bibi harusi: "Karibu, mlango uko wazi!" Wateja walivunjika mbavu. Mwezi wa kwanza Kidogo-Tu alicheka. Mwaka wa kwanza alitabasamu. Mwaka wa tatu hata hasikii tena: anagonga, anakaribishwa, anakata.

Basi fundi bomba mmoja akamletea kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kimezibwa huku na huku kwa kuchomelewa.

"Kimetoka wapi?"

"Ukutani. Tunabomoa bafu la nyumba ya zamani. Hakijaunganishwa na kitu chochote. Nikatie kichwa kimoja nione."

"Unatafuta dhahabu?"

"Natafuta sababu. Nani anafukia bomba ukutani bila maji?"

Siku hiyo Kidogo-Tu alikuwa na foleni ya kufuli, akakisukuma chini ya meza. Kikakaa pale wiki nzima. Juu yake, mezani, Kidogo-Tu aligonga, akakaribishwa, wateja wakacheka.

Jumatatu iliyofuata fundi bomba akarudi. Kidogo-Tu akakiinua kile kipande, akakigonga mara tatu. Kikalia kikavu.

"Karibu, mlango uko wazi."

Fundi bomba alicheka, akageuza shingo kutafuta aliyesema. Kidogo-Tu hakugeuza kitu. Alivaa miwani, akazungusha kinga ya diski ili cheche ziende ukutani, akakata. Hakusukuma, grenda haisukumwi, unaiacha itafune chuma yenyewe. Kifuniko kikaanguka. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu tu, hewa ya chumba kilichofungwa watu wakiwa ndani.

"Yaani hamna kitu," alisema fundi bomba, na akakiacha hapohapo kama mtu aliyeonyeshwa picha ya chakula.

Jioni hiyo, baada ya kazi ya kutwa kwa betri moja, Kidogo-Tu akabonyeza kitufe. Taa nne.

Jumanne, nne. Jumatano akakata kufuli kumi na moja na mabano ya rafu nzima, nne. Alichomoa chaja ukutani, akampelekea mkewe habari.

"Betri haishi!"

"Basi na mimi niletee cherehani ya hivyo," alisema mkewe, pini midomoni. "Mguu wangu unakwisha kila siku."

Alhamisi saa tano alisikia harufu ya nyama ya kuchoma. Akageuka kuangalia jirani gani amepata neema. Akatazama kushoto, akatazama barabarani, mwisho akatazama mezani. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimelala juu ya nati iliyotoka kukatwa, bado nyekundu, na moshi mwembamba unapanda. Akakiinua taratibu. Hakikuuma. Akakibonyeza, akakichoma kwa msumari. Ilikuwa kama kumchoma mtu mwingine ambaye hata hamjuani.

Ijumaa ganzi ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono. Jumamosi, kwenye kiwiko. Alisema ni mtikisiko wa grenda, mafundi wengi wanapata. Lakini mtikisiko hauchukui ladha, naye chai ilikuwa maji ya moto, na moto wenyewe aliujua kwa kuona mvuke. Kilichopaswa kumtisha ni kwamba hakutishika. Alikuwa akijiangalia kama anavyoangalia mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Jumapili mkewe aliushika mkono wake wa kulia, akauweka tumboni.

"Huyo, huyo! Anapiga teke. Umemsikia?"

Kidogo-Tu aliona kitambaa cha gauni kikiinuka na kushuka chini ya kiganja chake. Kiganjani hakukuwa na kitu.

"Subiri," akasema, akaweka wa kushoto. Hapo alimsikia: kitu kidogo, kigumu, chenye haraka, kikigonga. Ndicho kitu pekee alichokisikia wiki nzima. Akaondoa mkono upesi, akautia mfukoni, kama mtu anayeficha mali. Kuanzia siku ile hakuigusa grenda kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, saa saba mchana, jua limesimama, mtaa umekwenda kula, akiwa peke yake na grenda imelala kwenye flana yake, alisikia kugongwa mara tatu, si mlangoni, si mezani, bali kwa ndani ya kitu, na ile harufu ya chumba cha watu ikapanda kutoka chini ya meza ambako kile kipande cha bomba kilikuwa kimelala mdomo wazi, na kabla hajajua kwamba ameinuka tayari mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuishika grenda, bila yeye kuutuma, na diski inazunguka polepole, na alipochomoa betri kwa vidole viwili vya kushoto, bila kuigusa grenda yenyewe, na kuiweka pembeni akaiona kwa macho yake iko pale pembeni, taa nne, na diski bado inazunguka.

Akaiweka chini. Akafunga karakana. Akaenda kwa mwalimu wake.

Mzee aliishi chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli, msumeno wake umetundikwa ukutani mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

"Mimi si mganga," alisema baada ya kusikiliza. "Ningekuwa mganga ningekuwa na viti vya wagonjwa. Kaa kitandani. Uligonga?"

"Niligonga, mwalimu. Mara tatu."

"Kisha?"

"Nikakaribishwa."

Mzee alisogea karibu. "Na nani?"

"Jirani yangu, muuza magodoro. Ana utani wake."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia tu."

"Kamuulize," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Kama si yeye, basi hakuna aliyekuingilia, mwanangu. Wewe ndiye uliyebisha hodi. Ukakaribishwa, ukaingia. Uko kwake. Na anakula ulichokuja nacho mkononi."

"Nitatokaje?"

"Kama mgeni yeyote. Unaweka chini cha watu, unaaga. Ibane hiyo grenda, iwashe, asiiguse mtu mpaka betri ife. Ikifa, gonga tatu, sema naondoka."

"Na akikosa mkono wangu?"

"Hapo sijui. Mimi nilitumia msumeno. Msumeno ukichoka wewe umechoka, mnakwenda kulala wote."

Njiani alipita dukani kwa muuza magodoro.

"Jumatatu iliyopita?" yule bwana akacheka. "Jumatatu ile nilikuwa kwa daktari wa meno, shavu kama mto wa kochi! Duka halikufunguliwa kutwa. Kwani vipi, karibu yangu ilikuja kazini bila mimi?"

Kidogo-Tu hakucheka. Hakutetemeka pia. Alisema asante, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, aliibana grenda kwenye jiliwa la mezani, akarudisha betri, akasukuma swichi mbele mpaka ikajifunga, akakaa kwenye kiti mita mbili mbali, mikono mapajani. Iliimba. Saa tatu, taa nne. Saa nne, taa nne. Wateja walikuja, wakatazama mashine inayokata hewa na fundi anayeitazama, wakaenda zao. Saa tano sauti ilianza kupanda, nyembamba, nyembamba zaidi, ikawa kama ya mtoto anayetafuta ziwa, na harufu ikajaa mpaka mlangoni, na Kidogo-Tu alikaa tu, akihesabu mabati ya ukuta, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na kwa sababu hapakuwa tena na kitu ndani yake cha kumwambia inuka.

Saa sita mkewe aliingia. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani kwa miguu, kandambili moja ya bluu, moja ya kijani. Alilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Hachezi," alisema.

"Nani?"

"Nani tena! Mtoto. Nimekunywa maji ya sukari, nimelala ubavu, nimemwimbia. Ametulia kabisa. Nakwenda hospitali, twende."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa mbili. Nilikuwa naweka zipu, redio ikasema saa mbili kamili, akapiga teke moja kubwa, basi. Kwa nini unaniuliza saa? Mume wangu, kwa nini huinuki?"

Akainuka. Alikwenda kwenye jiliwa, akaishika grenda kwa mkono wa kulia, akaibana kwa nguvu. Sauti haikubadilika. Mkono ule ulishaliwa wote. Ilikuwa kama kumpa mtu sahani tupu. Akatazama mkono wa kushoto. Akautazama kwa muda mfupi sana, mkewe alikuja kuniambia baadaye, kama unavyomtazama mtu anayepanda basi.

Kisha akaizungushia ule wa kushoto, vidole vyote vitano.

Mashine ikashuka sauti papo hapo, ikatulia, kama mgeni aliyepewa kiti.

"Aa!" Mkewe akashika ukingo wa meza. "Ameruka! Jamani ameruka! Anacheza, huyu mtoto ana wazimu kama wewe!" Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akaunyakua mkono wa kushoto wa mumewe kutoka kwenye grenda, akaubandika tumboni. "Umemsikia?"

Kitambaa kiliinuka, kikashuka.

"Nimemsikia," alisema Kidogo-Tu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya kuuza. Baba yake humbeba akitazama mikono yake mwenyewe muda wote, maana bila kuitazama hajui kama imemshika. Kile kipande cha bomba alikichomelea tena, akakigonga, akaaga mara tatu, hakujibiwa. Hufungua karakana kila siku, hata sikukuu, na hukata japo msumari mmoja. Siku aliyougua homa asifungue, mtoto alilala kutwa macho wazi, hakulia hata alipochanjwa. Tangu hapo haugui. Wateja wanamsifu kwa kazi ya haraka. Betri ni ileile. Taa nne.

Mtauliza muuza magodoro alisema nini alipoyajua haya. Alisema mengi, mimi sijawahi kuwa mtu wa maneno machache. Ndiyo, ni mimi. Ule utani wa kukaribisha nimeuacha kabisa. Siku hizi Kidogo-Tu akigonga chuma, mimi huku upande wangu nimeuma foronya. Na kila mara inasikika, "Karibu, mlango uko wazi!", kwa sauti yangu ileile ya bibi harusi, na wateja wanavunjika mbavu kuliko walivyowahi kunichekea mimi. Siwezi hata kulalamika kwamba nimeibiwa. Huyo wa kwenye bomba alikaa wiki moja chini ya meza, akashika kila kitu, na aliyemfundisha ni mimi mwenyewe, tena kwa kupiga kelele.