Viatu vya Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimshika Babu mkono, akamketisha barazani na kumsimulia yaliyokuwa yakipita barabarani. Jina hilo la utani alipewa na Babu mwenyewe, maana mtoto huyo akianza kusema, hata redio ilizimwa.

"Haya, leo kuna nini?" Babu aliuliza.

"Kuna mtu kapakia godoro kwenye baiskeli, Babu. Limemzidi. Anasukuma huku anachungulia pembeni."

Babu alicheka hadi mabega yakatikisika. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na nchi yake aliipenda mno. Wenzake wakifika mji mgeni walilala. Yeye aliegesha lori akaenda kutazama mto, soko, hata makaburi. Palibaki mahali pamoja tu, ziwa lililo juu ya mlima wa kaskazini. Kila alipopita chini ya mlima huo, mzigo ulikuwa unasubiriwa. Alijiambia atapanda akistaafu. Alipostaafu, presha ya macho ikamwahi, na daktari akamwambia wazi kwamba hataona tena.

Likizo ilipofika, mjomba wake, naye dereva wa lori, alipata mzigo wa saruji wa kupeleka katika mji ulio chini ya mlima huo. Babu akamwita Chiriku.

"Nenda ukanionee lile ziwa, mjukuu wangu. Picha usiniletee, siioni. Niletee maneno."

"Nitakuletea mpaka uyachoke, Babu."

Walipofika, mjomba alimkabidhi kwa mwongozaji aliyekuwa akipanda na wageni, kisha akaenda kushusha mifuko yake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Chiriku aliutazama mlima, akautazama na mgahawa uliokuwa jirani, wenye televisheni kubwa ukutani. Akasema tumbo linamsokota. Mwongozaji akamwacha mgahawani, na tumbo likapona hapohapo. Wageni waliposhuka, aliwauliza wameona nini. Mama mmoja akasema maji ni ya kijani na kuna ndege weupe. Mjomba naye alipomuuliza kama amefika, Chiriku alijibu amefika, uso mkavu kabisa.

Nyumbani kwao, Babu alikuwa na utaratibu wake. Anayetoka safari haogi, hali, wala havui viatu kabla hajaketi kwenye kigoda cha mlangoni akasimulia. Akimaliza, Babu mwenyewe humvua viatu, akavigonga na kupapasa udongo wa huko alikotoka.

Chiriku akasimulia. Na kusimulia alijua, nani atambishia? Alianza na maji ya kijani, akaja kwa ndege weupe, akaongezea upepo na mawingu yanayojitazama majini. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha kushona. Babu alisikiliza mdomo wazi kidogo, machozi yakimtoka. Hawakuwahi kumwona na furaha kama hiyo tangu macho yalipozima.

Kisha akamvua viatu, akavigonga. Vumbi laini likamwagika kiganjani.

"Hii saruji," akasema.

"Ilikuwa kwenye lori, Babu."

"Najua. Na kokoto nyeusi za mlimani ziko wapi? Kila niliyempa lifti kutoka kule aliniachia kokoto kwenye lori langu, nikabaki nafagia. Zinang'ang'ania kwenye soli."

"Nilivisafisha."

"Wewe?" Mama akadakia. "Hata vya shule navisafisha mimi."

Chiriku alilia, akaeleza yote, mgahawa na televisheni. Babu akaviweka viatu chini taratibu.

"Nilishaliona," akasema. "Ulipokuwa unasema, nililiona kabisa. Sasa sijui nimeona nini."

Akainuka, akapapasa ukuta hadi chumbani. Alikataa kushikwa mkono.

Kesho yake barazani aliuliza jambo moja tu. "Lile godoro nalo lilikuwepo kweli?"

Chiriku aliapa kwamba lilikuwepo, lakini Babu hakucheka. Tangu siku hiyo hakuuliza tena barabarani kuna nini. Alikaa tu, akisikiliza magari yakipita.

Likizo iliyofuata alimbembeleza mjomba amchukue tena. Safari hii alipanda. Kisigino kilichubuka, lakini kileleni alifika. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Alingoja mpaka mwongozaji akasema hakuna kungoja tena. Njia nzima ya kurudi aliwaza jinsi ilivyo rahisi kusema ameliona, maana sasa viatu vyenyewe vingemtetea.

Alipoketi kwenye kigoda, Babu aliinama akamvua kiatu kimoja kabla ya neno lolote. Akakigonga, akazikuta kokoto nyeusi. Ndipo akasema, "Haya, simulia."

"Sikuliona, Babu. Ukungu ulifunika. Nilisikia maji yakipiga mawe, na baridi ilinipanda kuanzia miguuni. Nilitupa jiwe, likachelewa sana kulia. Ni hayo tu."

Babu alizizungusha zile kokoto kiganjani.

"Basi tumeliona sawasawa, mimi na wewe," akasema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Nchi hii nimeizunguka kwa kuuliza watu. Nafika njia panda, namuuliza mtu nisiyemjua, naenda anakonielekeza. Akinidanganya, nalala porini na mzigo wa watu. Siku hizi mimi niko njia panda kila saa, na wa kumuuliza ni wewe. Kama hujui, sema hujui. Kama hujaona, sema hujaona. Hilo naweza kwenda nalo. Uongo, hata uwe mtamu namna gani, unanipoteza."

Chiriku alifuta machozi kwa mkono wa nguo. "Na viatu, Babu? Utakuwa unavipapasa kwanza kila mara?"

"Siku moja nitaacha," Babu akasema. "Bado."

Chiriku akavua kiatu cha pili mwenyewe, akampa.