Dakika za Friji

Kila asubuhi Njiti aliamka saa kumi na mbili, akatandika kitanda, akafagia ua, akachemsha chai, kisha akamwamsha mama yake. Hakuna aliyemwagiza. Alikwenda tu kama saa ya ukutani, ambayo haifurahi wala haichoki. Zamani aliyechemsha chai alikuwa baba, huku akipiga mluzi mbovu hadi majirani wakalalamika. Sasa ilikuwa miezi minne tangu azikwe, na watu walikuwa wameshamaliza kuja na pole zao. Njiti hakulia msibani, hakulia baadaye, na alipokula hakujua kama chakula ni kitamu au la.

Mama yake alikuwa mchanjaji wa kuku, na baba ndiye aliyekuwa dereva wake. Walizunguka mashambani kwa gari lililong'olewa viti vya nyuma, likatiwa kitanda, jiko dogo na friji ya kuhifadhia chanjo. Popote waliposimama, baba aliiacha injini ikiunguruma ili friji isizime, na jioni walirudi nyumbani. Sasa mama alikuwa amejifunza kuendesha mwenyewe. Alitaka kukaa hukohuko mashambani siku tatu kila safari, na injini haiwezi kuunguruma siku tatu. Friji ilihitaji umeme wa jua. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Njiti angekwenda naye.

Jumatatu alifika shangazi, dada yake baba, ambaye ni fundi umeme. Alikuja na mfuko wa vifaa begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. We Njiti, bado hujanenepa tu? Upepo ukivuma, shika mlango."

Jina hilo la Njiti alilitoa yeye. Njiti akatabasamu kwa adabu, basi.

Shangazi akaiunganisha friji ya gari na umeme wa nyumbani, akamwita. "Sikiliza. Umeme wa jua ni kama kiatu, hununui kabla ya kupima mguu. Friji hii haili umeme muda wote. Inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Ikivuma ndiyo inakula. Kesho ukae nayo kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikianza kuvuma, andika. Ikinyamaza, andika. Kila saa ujumlishe dakika. Ya usiku niachie mimi."

"Nikikosea?"

"Tutanunua betri ndogo, friji itazima huko mbali, chanjo itaharibika. Ni hivyo tu."

Jumanne Njiti alikaa kwenye kiti cha dereva na daftari mapajani. Saa ya kwanza friji ilivuma mara mbili, dakika sita na dakika sita. Akaandika kumi na mbili. Kisha kalamu ikamponyoka, na alipoinama kuiokota aliona viatu vya baba chini ya kiti, kisigino cha kushoto kimelika upande. Akavitazama muda mrefu. Akangoja uchungu uje. Haukuja. Ilikuwa kama kubonyeza mguu uliokufa ganzi.

Akashuka, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni, akitazama ukuta. Jua likapanda, likaliwakia gari, likashuka. Jioni, kabla shangazi hajarudi kutoka kazini, alichukua daftari akajaza mistari yote iliyobaki: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na moja, hivyohivyo mpaka saa ya mwisho. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba namba zikifanana sana zitatiliwa shaka.

"Kazi safi!" shangazi alisema alipolisoma daftari. "Ukijumlisha na usiku, ni kama saa nne kwa siku. Friji hii ina adabu kuliko watu. Betri ndogo moja inatosha, na paneli moja tutaibana juu ya paa kwa nati nne."

Njiti akaitikia, "Sawa." Hakuhisi aibu. Hakuhisi kitu.

Jumatano asubuhi shangazi aliegemeza ngazi ubavuni mwa gari, akapanda na chaki na drili. Mama alikuwa chini, akipanga chupa ndogo za chanjo ya kideri kwenye kisanduku cha barafu. Njiti alimpokeza moja moja.

"Mama, chanjo ikipata joto unaijuaje?"

"Huijui. Chupa ni ileile, maji ni yaleyale. Utamtia kuku tone jichoni, mwenye kuku atakushukuru, utaondoka. Kideri kikija, kuku wanapinda shingo na kufa, na huyo mwenye kuku uliyemwambia asiwe na wasiwasi anabaki na banda tupu." Akafunika kisanduku. "Ndiyo maana naiogopa hiyo friji kuliko nyoka."

Juu ya paa, drili ikaanza kulia.

"Shangazi, usitoboe!"

Drili ikanyamaza. "Nini tena? Nimekanyaga kitu?"

"Namba ni za uongo."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Shangazi akateremka ngazi taratibu.

"Zote?"

"Saa ya kwanza ni ya kweli. Nyingine nimezitunga."

"Loo!" Shangazi akaiweka drili chini, akajifuta chaki kwenye suruali. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye ncha ya drili."

Mama hakucheka. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliviona viatu vya baba. Nikangoja nilie, sikulia. Nikashuka. Sikutaka kurudi mle." Akatazama miguu yake. "Sijui nina nini. Mimi silii tu."

Mama akakaa kwenye kipandio cha mlango wa gari, akamvuta karibu. "Juzi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari," alisema. "Nimeinywa yote, mpaka chini ya kikombe, ndipo nikagundua. Usidhani ni wewe peke yako."

"Basi mko wawili, mimi nitaonja chai yangu kwanza," alisema shangazi, ila macho yake yalikuwa pembeni. Akamrudishia Njiti daftari. "Ukurasa mpya. Leo siendi kazini. Betri iko dukani, haitakimbia."

Wakaanza upya, kwa zamu, na hakuna aliyekaa mle peke yake muda mrefu. Asubuhi friji ilivuma dakika kumi na mbili, kisha kumi na tano. Jua lilipokuwa utosini, gari lilikuwa moto kama tanuri. Saa saba friji ilivuma dakika arobaini na nane, saa nane hamsini na mbili.

"Ehe! Adabu imekwisha," alisema shangazi. "Hii si saa nne kwa siku, hii inakaribia tisa. Kwa ile betri ndogo, jioni ya siku ya kwanza tu mngekuwa mmekwama."

Njiti alisoma namba zake tena. "Inahangaika kwa sababu ya joto la gari. Tukilisogeza kivulini?"

Mama akalisogeza nyuma ya ukuta wa jirani. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi, friji ilivuma dakika ishirini na nne.

"Lakini paneli iliyobanwa juu ya paa nayo itakuwa kivulini," alisema mama.

"Isibanwe," alisema Njiti. "Gari likae kivulini, paneli ikae juani. Tununue waya mrefu."

Shangazi akamkodolea macho. "Miaka ishirini niko kwenye umeme, na nilikuwa tayari kutoboa paa!" Alhamisi akaja na paneli mbili za kukunja, waya wa mita kumi, na betri kubwa kuliko ile ya kwanza. Paa likabaki zima, na alama nne za chaki.

Siku ya tatu ya safari, asubuhi, mama alifungua friji na kusoma kipimajoto: nyuzi tano, palepale chanjo inapotakiwa. Kisha akalichukua daftari ambamo Njiti aliendelea kuandika joto la friji kila saa ya mchana. Kwenye saa kumi ya jana palikuwa na kistari tu, bila namba.

"Na hapa?"

"Nilisinzia, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Sikia, mwanangu. Kutohisi kitu si kosa, hakuna atakayekugombeza kwa hilo, na litapita kwa wakati wake. Kosa ni kuandika kwamba umesikia wakati hukusikia. Siku ukishindwa, acha pengo. Pengo mtu ataliona na kuliuliza, kama nilivyokuuliza mimi sasa. Namba ya uongo hakuna anayeiuliza. Wanajenga juu yake."

"Ndiyo, mama."

"Haya, beba kisanduku tushuke. Kuku hawajichanji wenyewe."