Mkono Alioufunga Osob

Kila asubuhi, kabla ya chai, Hibo alimvisha mama yake. Kwanza alimchana nywele. Kisha aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaukunja polepole juu ya tumbo, akaufunga kwa shuka kuukuu. Fundo lilikaa nyuma ya shingo.

"Kaza bado," alisema Osob, mama yake.

"Limekaza mpaka basi, hooyo."

"Kaza tu, mwanangu."

Osob aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Alikuwa mwanamke wa maneno na kicheko, na wateja walifuata ulimi wake kuliko hata maziwa yake. Kiangazi kimoja alianza kuzirai. Mara ya mwisho alianguka katikati ya majerikeni, maziwa yakamwagika yote. Akapelekwa Nairobi kwa gari la msafara wenye askari, kama walivyosafiri watu wote wa huku miaka ile ya tisini.

Huko madaktari waliona kwamba moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno. Wakampasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakaweka kifaa kidogo chenye betri chini ya ngozi. Waya mwembamba ulitoka kwenye kifaa ukaingia moyoni, ili kuusaidia moyo upige sawasawa. Tangu siku hiyo Osob hakuzirai tena.

Siku ya kuondoka, daktari alimwambia, "Mama, kwa wiki sita usiinue mkono huu juu ya bega." Osob alisikia "usiinue". Habari za wiki zilimpita. Kichwani mwake aliuona ule waya ukichomoka kama kamba ya ndoo kisimani. Alipofika nyumbani aliufunga mkono, na hakutaka kusikia la mtu.

Miezi ikapita. Kidonda kilipona na ngozi ikafunga vizuri. Bega ndilo lililogoma. Lilimuuma akilala, likamuuma akivaa. Hata kwenye swala, wenzake walipoinua mikono miwili, yeye aliinua mmoja. Jambo hilo lilimwuma kuliko bega lenyewe.

Na sasa harusi ya Hibo ilikuwa inakaribia. Ingefanyika mvua zikinyesha na maziwa yakiwa mengi. Katika ukoo wao, nyumba ya bibi harusi hujengwa na wanawake, kwa fito zilizopindwa na mikeka juu yake. Fundo la kwanza, lile la juu kabisa, hufungwa na mama mzazi kwa mikono miwili. Akishindwa, hufunga shangazi, na hakuna atakayemlaumu. Lakini Osob alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Alilitaka fundo hilo liwe lake.

Ndipo kaka yake, Olow, akaja kutoka Ijara. Olow alikuwa mtu wa ngamia. Awe mtu, awe mnyama, dawa yake ilikuwa moja: chuma cha moto.

"Bega limeingia baridi," alisema. "Nitakuchoma mara tatu tu. Hiyo baridi itatoka yenyewe."

"Choma," alisema Osob. "Nimechoka."

Hibo aliona chuma kikiingia kwenye makaa. Hakubishana na mjomba wake. Alitoka mbio hadi nyumba ya jirani yao, Sake, aliyekuja Garissa kutoka Bute. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiborana, ya Osob Kisomali, kwa hiyo wao walizungumza Kiswahili.

Sake aliingia uani, akasalimia, akakitazama chuma.

"Mzee Olow, mambo ya ngamia sikufundishi. Lakini mama ana kifaa hapa chini ya ngozi. Ukimchoma karibu nacho, kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Vijidudu vinaweza kufuata waya mpaka moyoni. Tunaweza kumpoteza."

Olow alikitoa chuma kwenye makaa, akakichomeka mchangani.

"Mama," Sake alimgeukia Osob, "mkono umefungwa tangu lini?"

"Tangu Nairobi, sista. Daktari nasema usiinue."

"Mpaka lini?"

Osob akamtazama Hibo.

"Wiki sita," alisema Hibo. "Nilikuwepo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, hooyo. Ukaniambia nikaze."

Olow alikohoa ili asicheke. Osob hakucheka.

"Sista, mbuzi hii ikivunjika mguu, si tunafunga?"

"Tunafunga. Hata kwetu Bute tunafunga. Na ikipona?"

"Tunafungua. Inafuata ingine malishoni."

"Na ukisahau kufungua?"

"Mguu inakauka," alisema Osob. "Inakuwa kama fimbo." Akautazama mkono wake.

"Wako haujafika huko," alisema Sake kwa upole. "Siku za mwanzo ulifanya vyema kutouinua juu. Lakini hata wakati ule, kiwiko na vidole vilitakiwa kutembea, na bega lisogee kidogo kwa chini. Sasa waya umeshika. Ila hatuanzi kwa kukisia. Kesho twende daktari akupime kwanza."

Daktari alipima mapigo ya moyo, akatazama kovu, akasema kifaa kimekaa vizuri. Mazoezi yakaruhusiwa.

Sake alimfundisha Osob kuinama huku mkono mzima umeshika meza, na ule mgonjwa ukining'inia na kuyumba polepole. Alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo.

"Ukisikia unavutika, ni sawa. Ukisikia maumivu makali, acha. Kitambaa cha uvuguvugu weka nyuma ya bega, si juu ya kifaa. Asikuvute mtu mkono, wala asikande hapo penye kifaa. Na ukiona wekundu, uvimbe au usaha, au ukipata homa au kizunguzungu, njoo hospitali siku hiyo hiyo."

Shuka ikafunguliwa. Hibo alichukua kipande cha mkaa, akaweka alama ukutani pale vidole vya mama yake vilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya kifua. Zilizofuata zilipanda, lakini kwa uchoyo. Siku moja vidole vilirudi chini ya alama ya jana, na Osob akalia kwa hasira. Hibo alimpa chai, kisha akamrudisha ukutani.

Mvua zikaja. Siku ya kujenga, wanawake walisimika fito na kuzipinda zikakutana juu. Osob alishika kamba. Mkono wa kulia ukafika. Wa kushoto ukapanda, ukapita bega, ukapita sikio. Hapo ukasimama. Fito zilikuwa juu zaidi.

Shangazi wa Hibo akatazama chini.

Amran, aliyeuza maziwa pamoja na Osob sokoni, hakungoja. Alizidaka zile fito, akaning'inia kwa uzito wake wote. Fito zilikuwa mbichi. Zikapinda, zikashuka hadi usoni pa Osob.

"Funga basi!" alisema Amran. "Mimi si mwepesi, na hazitanivumilia siku nzima!"

Osob akafunga, kwa mikono miwili. Bega lilimvuta kidogo, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya bega.

Kutoka nyuma yake ikasikika sauti ya Hibo, ambaye, kama bibi harusi, hakutakiwa hata kuwepo pale.

"Kaza bado, hooyo."

"Limekaza mpaka basi," alisema Osob.

Amran akaziachia fito. Zikainuka juu ya vichwa vyao, na fundo likapanda nazo.