Shanga za Kwenye Pindo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Valerian hakikuwa uso wake. Ilikuwa alama mkononi, juu ya kiwiko: duara jembamba la ngozi iliyopauka, kama mahali palipovuliwa bangili.

Ulikuwa msimu wa pamba, mwaka wa hamsini na tatu. Treni ya Tabora ilikuwa imeingia Shinyanga, wachukuzi wakipiga kelele, na nyuzi za pamba zikiruka barabarani na kunasa kwenye nywele za watu. Nilikuwa na Scolastika, binti wa mama yangu mdogo. Tulisimama kwenye baraza ya duka la Mhindi, walipokaa mafundi cherehani wanne, ili ashonewe mikono ya gauni. Fundi wa mwisho alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, mikono ya shati ameikunja, na kamba ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Dada, mkono wangu una nini?" aliniuliza. "Unautazama kama umeibwa kwenu."

Nikainamisha macho.

"Mwache, fundi," Scolastika akacheka. "Huyu hata akisalimiwa huomba ruhusa ya kuitikia."

"Basi nitamjibu kabla hajauliza. Hapo palikuwa na hirizi. Nilifanya kazi mgodini Geita, na kule chini kila mtu ana yake. Yangu niliivua."

"Ulipoacha kazi?" Sauti ilinitoka bila kutaka.

"Hapana. Nilipokuwa bado nashuka shimoni. Miezi minane nilishuka na ishara ya msalaba tu."

"Hukuogopa?"

"Nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Lakini shimoni mtu hapandi ngazi mbili kwa mara moja. Ama hii, ama ile."

Watu wote barazani walicheka, mimi nikaona joto usoni. Maana nyumbani, ndani ya sanduku langu la mbao, kulikuwa na gauni langu jeupe la ubatizo, na ndani ya pindo la gauni hilo kulikuwa na shanga kumi na moja.

Nizieleze. Mama yangu alizika watoto watatu kabla yangu. Nilipozaliwa mimi, mfumu, yaani mganga wetu, alisema ni bibi Mbuke amerudi. Nikapewa jina lake na kuvishwa shanga zake nyeupe kiunoni, ishirini na mbili. Nikaishi. Mama aliniambia mara nyingi, "Siku utakayozivua, mwanangu, nitaanza kuhesabu siku zako."

Nilikwenda misheni kusoma dini nikiwa nazo. Wiki moja kabla ya ubatizo, katekista wetu, Mwalimu Bartholomeo, aliweka debe la moto uani. Kila mmoja wetu alipita na kutumbukiza hirizi zake, watu wakipiga makofi. Asubuhi ile nilikuwa nimejificha nyuma ya choo na kukata uzi katikati. Nusu nikatupa motoni, zikapasuka ta, ta, ta. Nusu nilikwisha kuishona ndani ya pindo.

"Euphrasia, umetoa vyote?" Mwalimu aliniuliza kwa jina langu jipya.

"Nimetoa."

Walinipigia makofi kuliko wote, kwa kuwa mimi ni mpole.

*

Valerian alianza kuja kwetu kila Jumapili baada ya misa, kwa baiskeli, suruali ameibana kwa pini ya nguo isishike mnyororo. Katikati ya juma aliniletea vikaratasi kwa mkono wa Scolastika. Mimi niliachia shule darasa la tatu, kwa hiyo nilivisoma kwa kidole.

"Mbuke wangu," aliandika, "leo nimeshona suruali tatu na zote nimezikosea. Kosa ni lako."

Nikajibu: "Fundi, pole na kazi. Mimi mzima. Ndimi Euphrasia."

"Hii ni barua ya mchumba au ya karani wa bomani?" Scolastika aliguna. "Mwandikie hata neno 'mpenzi'! Halitakung'ata."

Sikuliandika. Lakini vikaratasi vyake nilivilaza chini ya mto wangu, hata karatasi ikalainika kama kitambaa.

Aliposa, wazee wakaelewana, na ndoa yetu ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza na ya pili. Ikabaki moja. Ndipo Valerian akapanga kunishangaza. Alitaka kulishona upya gauni langu la ubatizo liwe la harusi, alirefushe na kulitia lesi. Scolastika akalichukua sandukuni bila kuniambia, akampelekea. Wote wawili hawakuwa na nia mbaya.

Jumanne aliniita barazani. Cherehani yake ilikuwa imenyamaza. Gauni lilikuwa mapajani mwake, pindo limefumuliwa, na shanga zilikuwa kwenye kiganja.

"Hizi ni nini, Mbuke?"

Wale mafundi wengine walisimamisha miguu yao.

"Ni samba?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dawa ya kuvuta wanaume? Nimekuwa nikijiuliza kwa nini silali, kwa nini nakosea suruali za watu. Kumbe nilipendeshwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi sema ni nini. Sema neno moja, nitakuamini."

Ilikuwa rahisi, nyinyi mnaosoma. Kusema "si samba" ni maneno mawili. Lakini baada ya hayo angeuliza, "Ni nini basi?" na mimi ningepaswa kumwambia mtu aliyeshuka shimoni mikono mitupu kwamba mimi, juu ya ardhi, kwenye jua, niliogopa. Ningemwambia nilisema uongo mbele ya moto.

Alingoja mpaka kijasho kikamtoka. Kisha akalikunja gauni vizuri, kona kwa kona, akalifunga kwa gazeti pamoja na zile shanga.

"Chukua. Sitakusema kwa mtu."

Afadhali angenitukana.

*

Scolastika alilia siku mbili. Siku ya tatu akachoka kulia, akanijia juu. "Nenda kamwambie ni za bibi! Zitupe mbele yake aone. Atakuoa, yamekwisha!"

Nikazifunga kwenye leso, nikashika njia ya mjini. Nilipofika penye kinu cha pamba nikasimama. Nilijiona nikizitupa mbele ya Valerian, naye akitabasamu. Halafu? Ningekuwa nimevua shanga za bibi na kujivisha Valerian. Kila mtoto akiugua, ningemkimbilia yeye. Kila mvua ikikosekana, ningemtazama yeye. Na Mungu angeendelea kupata nusu yake, kama siku ile.

Nikageuka, nikaenda misheni.

Mwalimu Bartholomeo alikuwa akipigilia msumari benchi la kanisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Euphrasia. Bibi harusi haingii jikoni siku hizi?"

Nikafungua leso juu ya benchi. "Uliniuliza kama nimetoa vyote. Nilitoa nusu."

Alizitazama, nyundo mkononi. "Na mimi niliwaambia watu wakupigie makofi," alisema. Akakaa. "Padre yupo, utaungama kwake. Unataka nini tena?"

"Naomba tangazo la tatu lisisomwe."

"Mchumba wako amekubali?"

"Sijui kama ni mchumba bado. Lakini nisiolewe kwa gauni lile kabla sijarudi penye debe. Makofi nilipigiwa mbele ya watu, Mwalimu."

"Watakucheka."

"Ndiyo."

"Na ukiikosa ndoa?"

Nilijibu nikitazama msumari. "Nitakuwa nimeikosa. Lakini nitakuwa nimetoa zote."

Jumamosi ilikuwa siku ya wakatekumeni wapya, wale wanaojiandaa kubatizwa. Moto uliwashwa uani. Nilisimama mbele yao, mimi ninayeomba ruhusa ya kuitikia salamu, nikasema kwa kinywa changu nilichokifanya mwaka wa ubatizo wangu. Wasichana wawili walicheka. Mama mmoja alisema kwa Kisukuma, bila kunong'ona, kwamba wapole ndio wa kuogopwa. Nikazitumbukiza moja moja, zote kumi na moja. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili tangazo letu halikusomwa. Vichwa viligeuka kunitazama, kisha vikageuka upande wa wanaume.

Nje, Valerian alikuwa ameegemea baiskeli chini ya jua.

"Scolastika amenieleza," alisema. "Kumbe hazikuwa samba."

"Hazikuwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulishuka bila kitu. Nilikuonea aibu."

Alikuna ile alama ya mkononi. "Sikukuambia yote, Mbuke. Nilipoivua, wiki nzima nilishuka nikimtanguliza mwenzangu. Nilijiambia kama shimo litaporomoka, limwanze yeye. Nami sijasimama penye debe kulisema hilo. Na juzi nilikuaibisha mbele ya mafundi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini, fundi, ujue jambo moja. Hata kama usingerudi, ningezitupa."

Akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Basi hilo ndilo nililolitaka na sikujua jina lake. Gauni liko wapi?"

"Sandukuni. Pindo limefumuka."

"Lilete kesho. Jumapili ijayo litasomwa tangazo. Na uniite 'mpenzi', hata mara moja, nisikie linavyolia."

"Nitakuandikia," nilisema, akaangusha baiskeli kwa kucheka.

Tulifunga ndoa mwezi ule. Mbele ya altare vidole vyangu vilishuka kutafuta pindo, kwa mazoea, vikakuta lesi tu.

Lakini liko neno ambalo sikulisema penye debe, wala Valerian hajalisikia mpaka leo. Siku ya ubatizo wangu, padre aliponiuliza kama namkataa shetani na mambo yake yote, niliitikia kwa sauti, "Namkataa." Maji yakanimiminikia kichwani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika pindo, na moyoni nilikuwa nikisema:

"Mungu, ukishindwa, bibi yupo."