Mbuzi wa Alistidia

Kila Jumamosi Penina aliondoka Kitendaguro na baba yake, Kahigi, kwenda Ngenge kuchukua mchele wa kuuza Bukoba mjini. Baba aliendesha pikapu, naye Penina alisaidia kufunga turubai. Jumamosi moja, wakiwa njiani kurudi na mzigo mzito, aliona baba akikanyaga breki mara mbili, tatu, ndipo gari lipunguze mwendo.

"Tata, mbona unakanyaga hivyo?"

"Breki zimelegea kidogo. Wiki ijayo nitalipeleka kwa fundi."

Walipofika kwenye mteremko karibu na Muleba, mbuzi walichomoka migombani wakajaa barabarani. Kahigi akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini. Akakata usukani kwa nguvu. Gari likawakosa mbuzi, likamgonga mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli pembeni, kisha likatumbukia mtaroni.

Mzee huyo, Ildefons, alivunjika mguu, akakimbizwa hospitali. Watu waliokusanyika walisema kwa sauti moja, "Ni mbuzi! Dereva angefanya nini?" Mkaguzi wa magari alikuta bomba la breki limekatika, lakini hakuweza kujua kama lilikuwa bovu tangu mwanzo au lilikatika mtaroni.

Tangu siku hiyo Penina hakutulia. Darasani alinakili hesabu ileile mara mbili bila kujua. Nyumbani aliisogeza ndizi kwenye sahani mpaka ikapoa. Hata baba hakukaa mahali pamoja. Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi.

"Uliwaona mbuzi wale, siyo?" aliuliza.

"Niliwaona, Tata."

Ilikuwa kweli, na bado moyo ulimwenda mbio kana kwamba amedanganya.

Jumatano waliitwa kituo cha polisi Muleba. Ndani walimkuta mwenye mbuzi, mjane aitwaye Alistidia, akikunjakunja ncha ya kanga yake.

"Kamba ilikatika, waitu," alimwambia kwa heshima Afande Hellen, askari wa usalama barabarani. "Nitawauza wote nimtibu mzee. Sina kingine."

Afande akamgeukia Kahigi. "Na wewe?"

"Walitokea ghafla, afande. Dereva yeyote angegonga."

"Gari lilikuwa zima?"

Kahigi akakohoa. "Lilikuwa zima."

Penina alimtazama Alistidia, akamtazama baba yake. Alijua kwamba akinyamaza, mama huyu atarudi kwenye zizi tupu.

"Breki zilikuwa zinazama," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Tangu Ngenge. Tata alikuwa anazikanyaga mara nyingi ndipo zishike."

Penina hakuthubutu kumtazama baba. Alisubiri akaripiwe. Badala yake alisikia pumzi ndefu.

"Mtoto amesema kweli," Kahigi alisema. "Nilijua. Niliahirisha."

Afande Hellen aliweka kalamu mezani. "Sikiliza, mzee Kahigi. Dereva akitokewa na jambo la ghafla ambalo hakulisababisha, akafanya lile ambalo mtu mwangalifu angefanya, tunamwelewa. Hakuna anayepata muda wa kufikiri pale. Lakini wewe uliingia barabarani na breki mbovu ukijua. Mbuzi walikukuta Muleba. Hatari uliibeba mwenyewe kutoka Ngenge."

Alimwonya pia Alistidia afunge mifugo yake kwa kamba imara, akamruhusu aende nyumbani. Mbuzi wake hawakuuzwa. Kahigi alifikishwa mahakamani, akakiri kosa na kutozwa faini, na bima ya gari ikagharamia matibabu.

Siku hiyo ya Jumatano, kabla ya kurudi Bukoba, Kahigi alimshika Penina mkono wakaenda hospitali. Njia nzima alitembea kwa haraka, na Penina alihesabu hilo kuwa hasira. Mzee Ildefons alikuwa amelala, mguu ukiwa na plasta.

"Mzee wangu, siyo mbuzi," Kahigi alisema akiwa amesimama. "Ni mimi. Breki zilikuwa mbovu nami nilijua. Naomba unisamehe."

Mzee aliinua kichwa. "Nani amekuleta kuniambia haya?"

"Binti yangu."

Kahigi akamgeukia Penina, macho yamelowa. "Leo umeniogopa, lakini umesema. Ukweli usemwe hata kama anayeumia ni baba yako, maana ukifichwa, anayelipa ni asiye na kosa. Usiache kusema."

Mzee Ildefons alijisogeza taratibu, akagonga ukingo wa kitanda.

"Kaeni basi," alisema. "Mmetoka mbali."